Mtoto Anayeanguka Ndiye Anayejifunza Mbio

Tangu mwaka 2022, mji wa Kasese, Uganda, umekuwa ukipokea washiriki wa Rwenzori Marathon, watu wazima waliojinoa kwa miezi mingi. Lakini mazoezi mazito zaidi ya kukimbia hufanyika uani, bila saa wala medali. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anamfukuza kuku, miguu ameitanua, mikono ameiinua usawa wa mabega. Hatua chache tu, yuko chini. Anainuka, anamfuata tena.

Huyo bado hajakimbia. Anayetembea, hata akienda kwa haraka kiasi gani, huwa na angalau mguu mmoja chini wakati wote. Kukimbia huanza pale miguu yote miwili inapoachana na ardhi, japo kwa nukta moja. Kwa watoto wengi hatua hiyo hutokea karibu na umri wa miaka 2, miezi kadhaa baada ya kuanza kutembea.

Kwa nini isiwe mapema? Kwanza ni umbo lenyewe. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wa mwili wake, ilhali cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane, kwa hiyo uzito wa mtoto mdogo umekaa juu na humwangusha kwa urahisi. Pili ni nguvu: anayekimbia hutua kwa mguu mmoja, na mguu huo peke yake ndio unaopokea kishindo chote na kuurusha mwili mbele tena. Tatu ni ubongo. Nyuzi za neva zinaendelea kuvikwa utando wa mafuta uitwao mielini, unaoharakisha ujumbe kwenda kwenye misuli, na serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mizani, bado inakua.

Mengine huja kwa kurudia, tena kurudia kwingi mno. Mwaka 2012, Karen Adolph na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha hesabu ya mwendo wa watoto wa miezi 12 hadi 19 waliokuwa wakicheza kwa uhuru. Kwa wastani, mtoto alipiga hatua 2,368 kwa saa moja na kuanguka mara 17. Mzazi anayembeba mwanawe kutwa nzima ili asianguke anamnyima somo hilo.

Adolph alichunguza pia miteremko, jambo linalowahusu sana wazazi wa Bwera na vilima vya Bukonzo. Mtoto aliyezoea kutambaa hujifunza kidogo kidogo kuutambua mteremko mkali na kusita ukingoni. Akianza kutembea, tahadhari ile haihamii kwenye miguu. Hujitosa upya kwenye mteremko uleule aliokuwa akiukwepa alipokuwa akitambaa, na hana budi kujifunza tena. Kwa hiyo mama asishangae mtoto aliyekuwa mwangalifu juzi akiporomoka leo njiani kuelekea shambani. Hajawa mtukutu, mwili wake umebadilisha namna ya kwenda.

Malezi nayo yana nafasi yake. Katika miaka ya 1950, mtafiti Marcelle Geber aliwapima watoto wachanga mjini Kampala na kuripoti kwamba walikuwa mbele ya vipimo vya Ulaya katika kukaa na kushika shingo. Baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1976, mtafiti Charles Super alieleza kwamba Wakipsigis wa Kokwet, Kenya, huwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi, nao huyaweza hayo mapema. Katika kutambaa, ambako hakufundishwi, hawakuwa na haraka hiyo. Hata hivyo, kutembea mapema si tiketi ya ubingwa. Shirika la Afya Duniani lilipowafuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, lilikuta kwamba wenye afya njema huanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na 18. Kumlinganisha mtoto na wa jirani ni kujisumbua bure.

Kati ya miaka 4 na 6 mikono hushuka na kupishana na miguu, na mtoto hujifunza kukata kona. Kusimama ghafla huchelewa kuliko kuondoka, na hapo ndipo penye hatari. Kandokando ya barabara ya Mpondwe, yanakopita malori ya Kongo na bodaboda, mtoto wa miaka 3 akishachomoka hawezi kujizuia kwa wakati. Hapo anahitaji mkono wa mtu mzima. Uani aachwe acheze, hata pekupeku, ilimradi pamefagiliwa vigae na nyayo zikaguliwe funza.

Wakati mwingine kinachomzuia mtoto ni mwili wenyewe. Miguu yenye matege kidogo ni kawaida mpaka karibu miaka 2. Yakiendelea kuzidi baada ya hapo, huenda mtoto anakosa vitamini D au kalsiamu. Nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki kwa njia ya Ponseti, inayotumika Uganda tangu mwaka 1999, na matokeo huwa mazuri zaidi mtoto akianza mapema. Jambo jingine ni sindano za makalioni. Huko Kumi, mashariki ya nchi, madaktari wamewapasua watoto ambao misuli yao ya makalio ilikakamaa, hali inayohusishwa na sindano hizo. Mzazi asiidai sindano pale dawa ya kumeza inapotosha.

Mtoto ambaye hajatembea akifikisha miezi 18, hajaweza kukimbia kwa miaka 2 na nusu, anachechemea, anatumia upande mmoja zaidi, au amepoteza uwezo aliokuwa nao baada ya malaria kali, asisubiriwe. Apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Bwera, Kagando au Kilembe, pamoja na kadi yake ya kliniki.