Mzega Ndani ya Ukuta

Barua imetoka Kigamboni. "Shikamoo dada. Magoti ya mama yamegoma, na chumba chake kiko ghorofa ya pili. Nimewaita watu watatu wanaofunga lifti za nyumbani. Wa kwanza kanitajia bei nikatafuta kiti. Wa pili kataja nusu yake. Wa tatu hakutaja bei kabisa. Aliomba ramani ya nyumba, akaitazama dari kwa muda mrefu, akaaga huku anatikisa kichwa. Nani kati yao ananiibia?"

Marahaba mdogo wangu. Huenda hakuna anayekuibia. Ila kama ningelazimishwa kumwamini mmoja kabla ya wengine, ningemwamini huyo aliyetikisa kichwa.

Lifti ni nini sitaeleza. Aliyewahi kupanda ghorofa za Kariakoo na furushi la nguo anaijua, hasa siku inapoharibika. Nianze na hesabu ndogo inayoshangaza kila nikiirudia. Chukua watu na mizigo ya jumla ya kilo 300, uwapandishe mita 6, yaani kutoka sebuleni hadi chumbani kwa mama. Kazi ya kuwanyanyua ni jouli 17,640. Uniti moja ya LUKU ina jouli 3,600,000. Gawanya: safari 204 za kupanda kwa uniti moja! Sufuria ya maharage kwenye jiko la umeme ingekula zaidi ya hapo.

Kwa hiyo pesa haiendi kwenye kunyanyua. Inakwenda wapi?

Wakati fulani nilipita kwenye jengo moja lililokuwa na lifti inayotengenezwa, fundi akaniruhusu nichungulie shimoni. Nilitarajia kukuta kamba imefungwa juu ya chumba cha lifti, mashine inaivuta kama ndoo ya kisimani. Nikakuta kamba za chuma, nyembamba kama kidole changu cha mwisho, zimepita juu ya gurudumu kisha zikateremka upande wa pili. Huko zilishikilia fremu iliyopangwa vipande vya chuma kimoja juu ya kingine, kama miche ya sabuni kwenye katoni. Fundi akaifuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Mama, hii ikiwa tupu ukaiachia breki haidondoki. Inapaa."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania.

Hapa lazima tusimame kwa ajili ya jina. Chombo chenyewe tumekipa majina mawili: kamusi zina "kambarau", watu wana "lifti", neno ambalo barabarani maana yake ni kupandishwa gari bila nauli, jambo la kuchekesha ukilitazama pamoja na bei ya hizi za nyumbani. Tangu enzi za Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 na inayotajwa kuwa jengo la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti, tumepata muda wa kutosha kuzoea. Lakini ule mrundo wa vyuma upande wa pili hatujaupa jina linalotosha. Ningeweza kuandika "uzito kinzani" nikaendelea na safari, ila kinzani ni ugomvi, na yule hagombani na mtu. "Kisawazishi" ni jina la kifaa cha redio. Mimi nitamwita jiwe mwenza. Najua kuna atakayecheka na kukumbuka mke mwenza. Acheke tu, maana ndivyo hasa wanavyoishi: mmoja akipanda mwenzake anashuka, na bila mwenzake hakuna anayepanda kwa raha.

Jiwe mwenza halipimwi ovyo. Tuseme chumba kitupu kina kilo 500 na kimeruhusiwa kubeba kilo 400. Mtengenezaji hulipa jiwe uzito wa chumba, akaongeza karibu nusu ya mzigo: kilo 700. Sasa angalia uzuri wake. Chumba kikiwa kitupu, upande wa jiwe unazidi kwa kilo 200. Ndiyo maana fundi alisema kinapaa. Chumba kikijaa, upande wa chumba una 900, unazidi kwa 200 zilezile. Kikiwa na watu wawili wa kawaida na mizigo yao, pande zinakaribia kulingana, na mota inafanya kazi ya kusukuma mlango uliotiwa mafuta. Kilo 900 zinapanda na kushuka siku nzima, lakini mota haikutani na tofauti inayozidi 200.

Wazee wa pwani walilijua hili mabegani mwao. Mchukuzi wa maji alikuwa na mzega: mti mmoja begani, debe mbele, debe nyuma. Mpe debe moja tu, akaning'inize mbele. Atalazimika kuubinya ule mti kwa nyuma kwa nguvu zake zote, na hafiki kona ya pili. Mwongezee debe jingine nyuma, yaani umzidishie mzigo mara mbili, naye anatembea anapiga mluzi. Mkono wake sasa unaugusa mti tu. Akitaka debe la mbele lishuke kidogo apite chini ya tawi, anabonyeza kwa vidole viwili, la nyuma linainuka lenyewe. Mota ya lifti ni vile vidole viwili.

Lakini muulize mchukuzi jioni. Vidole haviumi. Kinachouma ni bega, kwa sababu bega limebeba madebe yote mawili, pamoja na mti. Tena wakati wote, hata aliposimama kusalimiana. Rudi kwenye lifti yetu: chumba 500, watu 400, jiwe mwenza 700. Gurudumu lililo juu limetundikiwa kilo 1,600 ili watu wa kilo 400 wapande kwa vidole viwili. Uzito huo lazima ushuke mahali fulani, kwenye boriti, au kwenye reli hadi sakafu ya shimo. Nyumba yako lazima itoe bega.

Hapo ndipo pesa inapokwenda.

Sijamaliza na kamba, nivumilie kidogo. Kamba ile haijafungwa kwenye gurudumu. Imelazwa tu kwenye mifereji yake, na inashikwa na msuguano ambao chumba na jiwe mwenza wanautengeneza kwa kuvutana. Udhaifu huo ni ulinzi. Chumba kikikosea na kutaka kupanda hadi kugonga dari, jiwe mwenza litakuwa limeshafika chini na kukaa juu ya springi zake. Kamba upande wake inalegea, msuguano unakufa, gurudumu linazunguka bure. Breki nayo imepangwa kwa hekima ileile ya kinyumenyume: springi ndiyo inayokaba, umeme ndio unaoachilia. LUKU ikiisha mama akiwa katikati ya ghorofa, breki zinauma palepale, na betri ndogo inatosha kumfikisha kwenye mlango wa karibu, kwa kuwa mara nyingi inahitaji kuachilia tu upande mzito ushuke. Na kamba zikikatika? Jibu la msingi lilitolewa mwaka 1854 kwenye maonyesho ya Crystal Palace jijini New York. Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa mbele ya umati, akaamuru kamba ikatwe. Springi ya mkokoteni, iliyokuwa imepindwa na mvuto wa ile kamba, ilinyooka na kung'ata meno ya reli za pembeni. Jukwaa likanasa. Mwaka 1857 lifti yake ya abiria ilikuwa kazini katika duka la ghorofa tano huko Broadway.

Basi tuzipitie zile bei kwa haraka. Yule wa kwanza, wa bei ya kutafutia kiti, bila shaka alikutajia lifti yenye jiwe mwenza, au ya haidroliki, ambayo bomba la mafuta linasukuma chumba kutoka chini. Ya haidroliki kwa kawaida haina mwenza: mota inabeba mzigo wote wakati wa kupanda, na kushuka ni bure, unafungua tu vali. Zote zinataka shimo chini ya sakafu, nafasi ya kutosha juu, na kuta au fremu ya kushika reli. Yule wa nusu bei pengine alikutajia ya skrubu: chumba kimeshikwa na nati inayopanda skrubu ndefu iliyosimama ukutani. Shimo lake ni la sentimita chache, mashine iko humohumo, na wakati mwingine inaridhika na umeme wa fezi moja. Lakini inatambaa. Lifti za aina hiyo zinazofuata kanuni za Ulaya hazizidi sentimita 15 kwa sekunde, kwa hiyo mita zako 6 ni sekunde 40. Kwa mwenye magoti mabovu, sekunde 40 akiwa ameketi ni starehe.

Baada ya hapo bei hupandishwa na milango kuliko na urefu. Mita moja zaidi ya reli ni chuma tu. Kituo kimoja zaidi ni mlango, kufuli linalokataa kufunguka chumba kisipokuwepo, nyaya, na siku za fundi. Ukubwa nao una gharama: kiti cha magurudumu na mtu wa kukisukuma wanataka kama sentimita 110 kwa 140 ndani. Ongeza betri, matengenezo ya kila mwaka, na VAT. Umeme wa safari usihangaike nao. Ikiwa taa na kompyuta yake zinakula wati 50 lifti ikiwa imelala, hizo ni uniti 1.2 kwa siku, nyingi kuliko za kumpandisha mama mara kumi. Mwambie fundi ahakikishe inazima taa ikikaa bure.

Hesabu zangu hazikuhesabu msuguano, wala mpangilio wa kamba unaotofautiana kwa kila mtengenezaji; hayo ni ya mhandisi, na mhandisi wa majengo lazima aitwe kabla ya nyundo ya kwanza. Kukata slabu iliyokwisha kumwagwa ni kukata nondo zinazoibeba, na boriti mpya za kuzunguka tundu zinaweza kugharimu zaidi ya ulivyodhani. Wanaochora ramani sasa hivi wana bahati: wapange stoo juu ya stoo, zenye upana wa lifti, na waache tundu kwenye slabu lililofunikwa kwa mbao. Magoti yakifika, bega litakuwa limeshajengwa.

Wewe wa Kigamboni, mpigie yule wa tatu. Bei usimuulize kwanza. Muulize alitafuta nini kwenye dari.