Klavye haiko? Gitaa itafanya kazi yake

Tuseme wewe ni mpiga gitaa katika orkestra ndogo ya Katuba, ao ya Kenya, ao ya Ruashi. Muko watano: solo, akompa, bas, batri na mwimbaji. Munapiga nyimbo za wakubwa, zile zenye kila mtu anazijua. Siku moja mama mmoja anakuja kuwatafuta juu ya ndoa ya binti yake. Munapatana bei, anaacha avansi, kiisha anauliza: "Batoto yangu, ile mwimbo bibi-arusi ataingia nayo, munaijua? Ile yenye kuanza na klavye." Munaitika wote pamoja: "Ndiyo, mama, tunaijua!" Mama anaenda na furaha. Ninyi munabaki kuangaliana. Klavye haiko.

Palepale shauri linaingia mpaka nyumbani. Mmoja anasema: "Tukope makuta, tununue sintetiza." Mwingine anafikiri kuuza televizio ya baba yake. Deni la miezi mingi juu ya wimbo wa dakika tano! Mbele ya kufanya vile, kamata gitaa yako, ukae, tuzungumze kidogo.

Wazee walipita njia hii

Wewe si wa kwanza. Katika 1933 zilianza kutoka plate zenye alama ya GV, zenye kubeba nyimbo za Kuba, na watu wa Kongo walizipenda sana. Katika muziki ya Kuba, piano inazungusha maneno mafupi bila kuchoka, na wachezaji wanazunguka nayo. Lakini piano ni mzigo mzito na bei yake iko mbali. Gitaa inabebwa ku bega. Basi wapiga gitaa wetu waliikamata ile kazi ya piano. Sikiliza African Jazz, orkestra ya Joseph Kabasele yenye ilianza katika 1953: pale Docteur Nico anapiga solo na ndugu yake Dechaud anapiga akompa, gitaa zile zinazunguka sawa piano. Na katika 1969, wakati Zaiko Langa Langa ilizaliwa kule Kinshasa, vijana wale hawakuweka tarumbeta. Pahali pa tarumbeta walijaza na gitaa na batri.

Hata hapa kwetu Katanga mfano uko. Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey katika 1952 kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Alipiga na vidole viwili tu: kidole gumba kinatembea chini, kidole cha pili kinaimba juu. Mwenye kusikia Masanga mara ya kwanza anafikiri wapiga gitaa ni wawili.

Angalia vizuri: wazee hawa hawakutafuta kudanganya masikio ya watu. Gitaa ilibaki gitaa. Walichukua kazi ya chombo kingine, hawakuchukua sauti yake. Ile njo siri yote.

Kwanza, sikiliza

Weka kaseti ao telefone yako, usiguse gitaa. Jiulize: hapa klavye inafanya kazi gani? Kumbuka kwamba sintetiza yenyewe ni mwigaji. Mara inaiga violoni, mara tarumbeta, mara kengele, mara piano. Basi usimwige mwigaji. Mufuate yule anayeigwa.

Kama ni violoni, sauti inaingia pole pole na inabaki kama blanketi chini ya mwimbaji. Gitaa iko na shida hapa: noti yake inaanza na pigo, kiisha inakufa. Ficha lile pigo. Shusha volimu mpaka mwisho, piga kamba, kiisha pandisha volimu na kidole kidogo cha mkono wa kuume. Sauti itatoka sawa mtu anayefungua mlango bila makelele. Kama uko na pedali ya volimu, mguu utafanya kazi ile. Na kama ampli yako iko na mwangwi, ongeza kidogo, juu noti ikawie kufa.

Kama ni tarumbeta, piga kwa nguvu na ukate haraka. Kama ni kengele, gusa kamba pole sana juu ya chuma cha 12 cha shingo ya gitaa, bila kuikandamiza; piga, ondoa kidole, itaimba nyembamba.

Vidole kumi, vidole vine

Mpiga klavye anatumia vidole kumi. Wewe mkono wa kushoto unakupa vine. Usijaribu kubeba noti zote, utaanguka nazo. Zile za chini muachie bas, ni mali yake. Chukua kamba tatu nyembamba, tafuta noti mbili ao tatu za juu za kila akori. Sikio la watu linakamata zaidi noti ya juu. Ile njo wanaimba wakirudi nyumbani.

Tena weka pembeni kile kipande cha plastiki cha kupigia. Kipande kinapita kamba moja moja, lakini klavye inalia noti zote mara moja. Vuta kamba tatu pamoja na vidole, sawa mtu anayebana unga. Tofauti utaisikia palepale.

Dawa nyingine inajulikana na wapiga gitaa wa Kongo: ile gitaa yenye kuitwa mi-composé. Wanaondoa kamba ya nne, ya re, wanaweka pahali pake kamba nyembamba yenye kulia oktavi moja juu. Sauti inakuwa ya kungʼaa. Gharama yake ni kamba moja.

Munapatane

Shida kubwa mara mingi haiko ku vidole, iko ku masikilizano. Kama solo na akompa wote wanakimbilia kazi ya klavye, nani atabaki na kazi ya gitaa? Mukae siku ya mazoezi, mugawanye: mwanzo ni wa nani, nani anajaza wakati mwimbaji anapumua, nani ananyamaza. Ndiyo, kunyamaza ni kazi pia. Na sebene ikiingia, gitaa zirudi ku kazi yao ya kuzaliwa. Pale hakuna mtu atauliza klavye iko wapi.

Na mashini?

Mashini ziko. Tangu 1977 kampuni ya Roland iliuza gitaa yenye kuamsha sintetiza, na katika 2014 Electro-Harmonix ilitoa pedali B9 yenye kugeuza gitaa kuwa ogani. Ni vitu vizuri. Makuta yakipatikana bila kuumiza nyumba, mununue. Lakini pedali haitakuambia noti gani ya kuacha. Ile kazi ni ya sikio lako.

Na wewe mzazi, mtoto akikuomba uuze kitu cha nyumba juu ya sintetiza, usimfukuze. Mwambie hivi: "Nipigie ule wimbo kwanza na gitaa." Kiisha, kijana, fanya majaribio haya. Jioni kaa katika parsela, piga ile sehemu ya klavye, usiseme ni wimbo gani. Kama mama yako, akichambua sombe, anaanza kuuimba mwenyewe bila kuinua kichwa, kazi imekwisha. Enda ku ndoa bila deni.