Mawazo na Mgongo wa Nyanya

Je, umewahi kuishi na mtu anayeumwa kila uchao? Nyanya yangu aliumia mgongo mwaka juzi akiinua mtungi wa maji. Alipigwa eksirei, ikaonekana hakuna mfupa uliovunjika. Mpaka sasa mgongo bado wamuuma. Majirani wengine husema eti anajifanya. Maneno hayo yaliniuma, nikaanza kusoma.

Maumivu yakizidi miezi mitatu, madaktari huyaita sugu. Mara nyingi jeraha huwa limeshapona, lakini neva na ubongo bado vinapiga kamsa, mithili ya mbwa aliyeona wezi usiku mmoja, sasa humbwekea hata mwenye boma. Maumivu yenyewe ni ya kweli kabisa. Mwaka wa 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti wa mgongo una kama lango la kupitishia maumivu, na ubongo waweza kulifunga au kulifungua.

Basi mawazo yanaingilia wapi? Mwaka wa 1995 Michael Sullivan na wenzake huko Kanada walitunga orodha ya kauli 13 za kupima jinsi mgonjwa anavyoyafikiria maumivu yake. Je, anayawaza bila kupumzika? Anayakuza? Anaona hana la kufanya? Wenye mawazo hayo kwa wingi huelekea kuumwa zaidi na kukawia kupata nafuu. Sababu moja ni hii: anayeogopa kuinama haiinami, misuli inalegea, siku akijaribu anaumwa kweli, na hofu inazidi.

Hapo ndipo nilipojiona. Kila Nyanya aliposhika ufagio nilikuwa napiga kelele, "Wacha, Nyanya, utavunjika!" Nilidhani hiyo ni heshima. Kumbe namjaza hofu!

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hakumwambia ajikaze tu. Alimwambia atembee hadi kwenye mwembe, wiki ifuatayo hadi kwa jirani, polepole, maana kuumwa kidogo si lazima kuwe ni kuharibika. Siku zingine Nyanya hulala tu, tena akilia. Lakini Jumamosi iliyopita aliinama mwenyewe akachuma sukuma wiki. Alipiga kite. Mimi nikauma ulimi, nikamshikia kikapu.