Kidonge cha presha cha jirani si chako

Watu wawili wa kata ya Itiryo, wilayani Tarime, wanaweza kupimwa presha siku moja, mashine ikaonyesha 160 kwa 100 kwa kila mmoja, kisha mmoja akaandikiwa amlodipini na mwenzake losatani. Hakuna aliyependelewa. Kila dawa huzima amri yake ya kupandisha presha mwilini, ndiyo maana kuazimana vidonge ni hatari.

Amri kubwa hutoka kwenye figo. Zikihisi damu inazifikia kwa nguvu ndogo, au chumvi imepungua, hutoa kimeng'enya kiitwacho renini. Hicho huanzisha mfululizo unaozaa homoni ya anjiotensini ya pili, inayobana mishipa ya damu na kuziamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe homoni nyingine, aldosteroni. Kazi ya aldosteroni ni kuzuia chumvi isitoke na mkojo. Chumvi ikibaki, maji nayo hubaki, na presha hupanda. Dawa ya enalaprili huzuia kimeng'enya kingine, kile kinachoitengeneza anjiotensini hiyo. Losatani huiacha itengenezwe ila huziba mahali inapopokelewa. Kikohozi kikavu cha baadhi ya watumiaji wa enalaprili chanzo chake ni hapo hapo: kimeng'enya hicho kinachozuiwa ndicho pia huvunja kemikali ya mwili iitwayo bradikinini, ambayo ikirundikana huchokoza njia ya hewa.

Sisi Waafrika tuna sababu ya kulijua hili. Wengi wetu wenye presha tuna renini kidogo na miili inayong'ang'ania chumvi, hivyo enalaprili peke yake mara nyingi haitoshi. Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019, ulifuatilia wagonjwa 728 katika nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Ulilinganisha michanganyiko ya dawa, na ile iliyokuwa na amlodipini ilishusha presha zaidi ya ule usiokuwa nayo. Amlodipini haijali renini. Huzuia kalsiamu kuingia kwenye misuli ya mishipa, mishipa ikalegea.

Mishipa ya fahamu nayo huuchochea moyo, ikisaidiwa na adrenalini. Dawa za atenololi na propranololi huziba vipokezi vya uchochezi huo: moyo hutulia, renini hupungua. Lakini dawa ikitumika muda mrefu, mwili huongeza vipokezi. Mtu akiacha ghafla kwa kuwa anajisikia mzima, adrenalini huvikuta vingi na vi wazi. Moyo huenda mbio, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata shambulio. Dawa hizi hupunguzwa taratibu, kwa maelekezo ya daktari. Mwenye kisukari anayechoma insulini ajue pia kwamba zinaweza kuficha kutetemeka na mapigo ya kasi sukari inaposhuka, ingawa jasho halifichiki.

Wajawazito wana habari yao. Enalaprili na losatani huweza kuharibu figo za mtoto tumboni, hivyo hupewa methildopa, inayotuliza amri kutoka kwenye ubongo, au nifedipini. Mwanamke anayemeza dawa za presha na kukosa hedhi asingoje tarehe ya kliniki. Awahi zahanati abadilishiwe.