Maumivu Yanayobaki Baada ya Vita
Wanajeshi wengi wa Marekani waliopigana Iraq na Afghanistan walirudi na jeraha la ubongo lisiloonekana kwa macho, kwa kuwa wimbi la mlipuko wa bomu huutikisa ubongo ndani ya fuvu hata pale ngozi isipopata mkwaruzo. Jeraha hilo mara nyingi huacha maumivu sugu, yaani yale yanayodumu zaidi ya miezi 3, hasa ya kichwa yanayofanana na kipandauso, ambayo humlazimu mgonjwa kufunga mapazia mchana kweupe kwa sababu mwanga humchoma. Kwa miaka mingi wengi waliandikiwa dawa za jamii ya afyuni, ambazo hutuliza kwa muda lakini huufanya mwili kuwa tegemezi na huzidi kuutia ukungu ubongo ambao tayari unasahau. Na inasikitisha kwamba hata vidonge vya kawaida vya kutuliza maumivu, vikimezwa karibu kila siku, huweza kuzaa maumivu mapya ya kichwa. Kinachostahili kudaiwa ni tiba inayowaunganisha daktari wa neva, mtaalamu wa mazoezi ya viungo na mwanasaikolojia, kwani usingizi mbovu, kiwewe cha vita na maumivu huchocheana usiku kucha.