Kasoro za Filamu Hazina Uzito Mmoja

Mhakiki wa filamu akibanwa na nafasi gazetini hukimbilia sentensi moja: filamu inaburudisha, ila ina kasoro. Hapo hutoa nyota tatu kati ya tano, akafunga kazi. Hukumu hiyo imezifuata filamu za Kitanzania kwa zaidi ya miaka ishirini, tangu Girlfriend ya mwaka 2003, inayotajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa zilizoifungulia njia Bongo Movie. Si hukumu ya uongo. Shida yake ni kwamba inazitia kasoro zote kapu moja, na kwa hiyo haimsaidii anayetoa hela yake kutazama wala anayetafuta kurekebisha kazi yake. Mtu wa Makoko, kata ya Manispaa ya Musoma iliyo ufukweni mwa Ziwa Victoria, hachanganyi mambo hivyo. Watazamaji wa kanda hii ya ziwa wamelelewa na filamu zenye kila aina ya ubovu, na ukifuatilia walichosamehe na walichokataa utaona wana mizani bora kuliko wahakiki wengi: wanauliza kasoro imetoka wapi.

Tuanze na malalamiko yanayojulikana hata kwa asiyefuatilia. Gari linapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari linaingia taratibu, linaegeshwa, mwenye gari anashuka, anafunga mlango, anatembea hadi sebuleni, anaketi, ndipo neno la kwanza linasemwa. Mgonjwa aliyelazwa amepaka lipstiki. Muziki unameza maneno. Jina la filamu ni la Kiingereza, mazungumzo ni ya Kiswahili, na maandishi yanayopita chini ya picha ni Kiingereza ambacho Mwingereza hakielewi. Wahakiki huzisoma kasoro hizi kana kwamba zote zimezaliwa na ukosefu wa utaalamu. Zikitazamwa moja moja, hazina mzazi mmoja. Sauti mbovu huweza kuwa ni kukosa maikrofoni ya maana. Ile safari ndefu ya kutoka getini hadi sebuleni ni habari nyingine. Wakati wa biashara ya DVD, hadithi moja iligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, kila sehemu ikauzwa kwa diski yake. Hadithi iliyotosha diski moja ilibidi ivutwe mpaka ijaze mbili, na cha kuirefushia kirahisi bila kumlipa mwandishi wala mwigizaji wa ziada kilikuwa ni gari, geti na ngazi. Kasoro hiyo ni ya tamaa ya biashara, na mtazamaji aliilipia mara mbili.

Sasa uvuke ziwa, uende Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala. Huko Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano iliyotoka mwaka 2010 kwa bajeti inayotajwa kuwa haikufika dola 200 za Marekani. Helikopta zake ni za kompyuta na zinaonekana wazi kuwa za kompyuta. Damu inayoruka ni rangi iliyojazwa kwenye kondomu. Hata nakala halisi haipo tena, kwa sababu ilibidi ifutwe ili kompyuta ipate nafasi ya filamu iliyofuata, na iliyobaki ni ile yenye sauti ya msimulizi, VJ Emmie, anayetania, anayesifu na kuchochea mapigano mwanzo hadi mwisho. Kwa kipimo cha ufundi hakuna kinachosimama. Lakini imetazamwa na mamilioni mtandaoni, nao hawakutazama kwa kuhurumia. Filamu haipotezi muda: kila dakika kuna jambo, na kila upungufu umegeuzwa kuwa utani unaomshirikisha mtazamaji. Hii ni kasoro ya uhaba, na mtengenezaji ameikabili kwa jasho na ubunifu.

Mtazamaji wa kibanda umiza, ukumbi wa mtaani wa kuonyeshea video, anaijua kazi hiyo ya sauti tangu zamani. Lufufu jijini Dar es Salaam, VJ Jingo Kampala na DJ Afro nchini Kenya walijenga majina yao kwa kutafsiri filamu za nje juu kwa juu, wakifunika mazungumzo, wakiongeza majina ya mitaa na kuwapa majambazi tabia za watu wanaojulikana. Kwa mhakiki wa shule ya filamu, huko ni kuharibu kazi ya mwenzio. Kwa aliyelipa kiingilio, filamu aliyoikuta haieleweki imekamilika. Watu waliokua na kauli kwamba stelingi, yaani shujaa wa filamu, hafi hawakuwa wajinga wa kanuni za hadithi. Walizijua mno, wakataka kuona zinachezewa vipi.

Mizani hiyohiyo inaeleza kisa cha upande wa pili, filamu iliyosifiwa kwa ufundi na kuchukiwa ziwani. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka mwaka 2004, ilirekodiwa Mwanza na inahusu biashara ya sangara. Wahakiki wa Ulaya waliipokea kwa shangwe, ikapata tuzo ya César nchini Ufaransa na kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2006. Nchini Tanzania ikaitwa filamu ya mapanki, yaani mabaki ya samaki baada ya minofu kuondolewa, na Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, akailaani hadharani mwaka huohuo. Ukiweka siasa kando, kwa kuwa serikali ikikemea haifanyi uhakiki, lalamiko la watu wa ziwa lina msingi. Umaskini ulioonyeshwa ulikuwepo, na minofu kweli ilipandishwa ndege. Lakini filamu inapanga picha ili mtazamaji aamini kwamba ndege zinazochukua samaki huleta silaha, bila kuonyesha silaha hata moja ikishushwa. Mapanki nayo yanaonyeshwa kama alama ya aibu tu, ilhali kando ya ziwa ni bidhaa yenye soko lake: mengine hukaangwa yakaliwa, mengine hukaushwa na kusagwa kuwa chakula cha mifugo. Mhakiki wa Paris hakuwa na namna ya kuiona kasoro hiyo. Mchuuzi wa samaki wa Makoko angeiona kabla filamu haijafika katikati.

Kuna watakaosema mizani hii ni huruma iliyovishwa nadharia, kwamba tukimsamehe maskini kwa umaskini wake tutabaki na filamu za kimaskini milele. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kusamehe kasoro ya uhaba kungekuwa kufuta kasoro zote. Ni kinyume chake. Anayetenganisha uhaba na tamaa ndiye anayeweza kumbana mtayarishaji, maana kisingizio cha kukosa pesa hakifuniki dakika tano za gari getini. Wala uhaba si hali ya kudumu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilifika tamasha la Toronto mwaka 2021 ikiwa na picha na sauti ambazo hazihitaji kuombewa radhi na mtu. Fedha na muda vikipatikana, kipimo nacho kipande.

Wengine watasema uhakiki hauna kazi, soko linatosha kuhukumu. Soko kweli lilihukumu. Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Dar es Salaam kupinga filamu za nje zilizokuwa zikiuzwa kwa nakala za wizi na bei ya chini. Walikuwa na haki kuhusu wizi, lakini wananchi wengi waliwajibu kwa neno moja: tengenezeni filamu nzuri. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili nazo ziliteka sebule, ingawa zenyewe huvuta hadithi kwa sehemu nyingi. Hapo ndipo soko linapokwama. Linakuambia watu wameondoka, halikuambii wamekimbia nini, na msanii asiyeambiwa sababu ataisingizia bei, wizi au husuda. Kazi ya kueleza ilikuwa ya magazeti, na kwa miaka mingi kurasa za filamu zilijaa nani kaachana na nani.

Kwa hiyo hukumu ya kwamba filamu ni tamu lakini ina kasoro ni mwanzo wa uhakiki, na inadai maswali matatu baada yake: kasoro gani, imetokana na nini, na inamgharimu mtazamaji kitu gani. Iliyotokana na uhaba itajwe kwa adabu, iliyotokana na tamaa ikemewe, na inayopotosha maisha ya watu ikataliwe hata ikiwa imepambwa kwa tuzo. Mhakiki asiyeweza kuzitofautisha abaki na nyota zake mfukoni.