Mfunze mwanao safari ya maji

Hebu muulize mtoto wako leo: maji hutoka wapi? Ikiwa mnaishi Nairobi, yamkini atakujibu bila kusita kwamba hutoka mferejini. Usimcheke. Hata sisi watu wazima wengi huyakumbuka maji siku mfereji unapokauka tu.

Vitabu vya shule huchora bahari, jua, wingu na mishale. Mtoto huikariri mishale hiyo, akapata alama zake, kisha akasahau. Afadhali uanzie jikoni. Tia maji vikombe viwili kwenye sufuria, koroga kijiko cha chumvi, mwache aonje. Kisha funika, uyachemshe kwa moto mdogo yasije yakaruka. (Shughuli ya moto iwe yako mzazi, kwani mvuke huunguza vibaya.) Baada ya dakika chache ondoa kifuniko, kipoe, naye aonje matone yaliyo upande wa ndani. Hayana chumvi! Chumvi imebaki sufuriani. Sasa atafahamu kwa nini maji ya Bahari ya Hindi hunyesha yakiwa matamu.

Wazazi wengi hukomea hapo, na mtoto hubaki akidhani bahari huchemka. Mpeleke kwenye kamba ya nguo. Sare yake ya shule ilianikwa ikiwa imelowa, na jioni imekauka. Je, ni nani aliyeichemsha? Jua na upepo huyainua maji kidogo kidogo yakawa mvuke usioonekana kwa macho. Ukifika juu kwenye baridi hugeuka tena kuwa vitone vidogo sana, na hivyo ndivyo wingu. Apulizie pumzi kioo cha dirisha asubuhi ya baridi ya mwezi Julai, atajionea.

Kisha msimulie habari za maji anayokunywa yeye mwenyewe. Upepo wa baharini huusukuma mvuke hadi milima ya Aberdare, ambako hupanda, ukapoa na kunyesha. Udongo wa msitu huyanywa maji hayo na kuyaachilia polepole. Ndiyo sababu mito ya huko hutiririka hata Februari, mvua ikiwa imekatika. Mto Thika huyafikisha katika bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Likijaa, huwa na lita bilioni 70. Kutoka hapo huletwa jijini kwa mabomba.

Na baada ya kuoga? Yanayoingia katika mabomba ya majitaka hupelekwa Ruai kusafishwa, yakaingia Mto Nairobi, kisha Athi, kisha Galana, ambao karibu na pwani huitwa Sabaki, na kumwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Lau yangeachwa katika Mto Thika, yangeingia Tana na kufika baharini kule Kipini! Jiji limeyabadilishia njia. Nanyi mliozuru Malindi msimu wa mvua mmeiona bahari ikiwa nyekundu kwa tope. Ni udongo wa nyanda za juu huo, uliochukuliwa na maji mahali pasipo na miti wala nyasi za kuushika.

Pengine atakuuliza kama maji aliyoogea jana ndiyo yatakayomnyeshea kesho. Mjibu kweli. Mvuke hukaa hewani siku tisa hivi kabla ya kunyesha, lakini tone likishazama katika vilindi vya bahari huenda likakaa humo mamia ya miaka.